Sikio la Ma Adventina na Lenzi Tatu Zinazotosha

Nyie vijana mnaonisimamisha pale Kayanga, mmoja kavaa kamera shingoni kama kengele ya ng'ombe, mwingine ananisogezea simu usoni nione bei za mtandaoni, "Ta Kalisti, shikamoo, eti ninunue lenzi gani?" Leo nawaandikia mara moja, tumalizane. Mkinikuta tena nimekaa na chai yangu, salimieni mpite.

Nimepiga picha Karagwe na Kyerwa miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo asitokee mtu kunikosoa nukta na mkato. Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mbili, na si kwa kupenda. Mgongo uligoma, magoti yakauunga mkono, halafu simu zikamalizia. Siku hizi bwana harusi akishika pete tu, wajomba kumi wanasimama mbele yako na simu kumi, unabaki kupiga visogo. Wenzangu wa zamani wamerudi kwenye kahawa zao. Mimi nimebaki na mgongo mbovu, lenzi tatu na kinyongo. Mke wangu Leonia husema, "Samehe, mzee." Nitasamehe nikimaliza kutaja majina.

Jina la kwanza ni Projestus.

Projestus mnamjua, yule anayeuza kamera za mtumba kwenye kile chumba nyuma ya duka la mbolea. Ni mtu wa kanisa, ana sauti nzuri ya kwaya, na hiyo sauti ndiyo hatari yenyewe. Huyu angekuwa anauza ng'ombe, angekuuzia dume kwa ajili ya maziwa, na ungefika nyumbani ukatafuta ndoo.

Mwanzoni nilikuwa na lenzi ndogo mbili. Moja ilikuwa milimita thelathini na tano, fupi kama kikombe cha kahawa. Picha zilitoka safi, ila heshima sikuwa nayo. Kwenye sherehe moja Evodi, mshereheshaji (andikeni na huyo, Evodi), alitangaza kwenye kipaza sauti: "Ndugu wageni, msiogope, mpiga picha wetu leo amekuja na kamera ya pasipoti." Watu walicheka mpaka wenye sahani wakaziweka chini. Ilinichoma. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Projestus.

"Ta Kalisti," akaniambia, huku anaifuta kwa kitambaa kama anamwogesha mtoto, "lenzi ni kama mgeni rasmi. Lazima watu waione inavyoingia."

Akanitolea lenzi ndefu, nene, nzito, milimita sabini mpaka mia tatu. Ukiivuta inarefuka kama shingo ya kobe aliyesikia jambo. Nikampa zile lenzi zangu mbili ndogo na beberu mmoja juu. Nikaipaka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya Leonia, isije ikaibiwa. Kama kuna mwizi angeiiba siku ile, leo ningekuwa namwombea rozari.

Siku mbili nilikuwa mtu mkubwa. Nilipita sokoni Kayanga nayo kifuani, wauza ndizi wakanyamaza. Mmoja akauliza kama nimetoka televisheni, nami sikumkatalia. Nilisimama juu ya kilima nikamvuta mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde anachuma kahawa, nikaona mpaka kwamba anachuma mbichi. Nilitamani nimpigie simu nimgombeze. Niliona dunia yote iko mkononi mwangu, sikuona kwamba sherehe zetu hazifanyiki ng'ambo ya bonde. Zinafanyika sebuleni.

Siku ya tatu nikaenda Kituntu.

Kituntu alikuwepo mjane mmoja, Ma Adventina, mama wa mtoto mmoja tu wa kiume, na siku hiyo mtoto alikuwa anamleta mke. Nyie mliokulia kwenye simu pengine mmesahau, kwa hiyo naeleza. Kwetu bibi harusi akifika kwa wakwe hupakatwa. Anakalishwa mapajani mwa baba mkwe, kisha mapajani mwa mama mkwe, watu wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile. Kitendo chenyewe ni kifupi kama kupiga chafya. Na hakirudiwi.

Asubuhi Ma Adventina alinivuta pembeni, mkononi ana kahawa ya kutafuna ya wageni, akanitilia punje kiganjani. "Kalisti mwanangu, nyingine zote piga upendavyo, hata usipopiga sitakudai. Ila ile ya mapajani nataka. Binti sikujaliwa kuzaa. Leo ndiyo nampata, nataka nimwone ninavyompata."

Nikasema, "Ma, ondoa shaka. Umeona kamera?"

Akaitazama. "Nimeiona. Imeniogopesha kidogo."

Sebule ile ilikuwa hatua tano kwa nne. Ndani yake mlikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, mashangazi wa pande mbili, na nje migomba imefunika madirisha, giza la saa nane mchana. Bibi harusi akaingia kafunikwa shuka. Nikaweka jicho kwenye kamera. Sikuona bibi harusi, wala mama mkwe. Niliona ua moja la kitambaa cha kochi, kubwa kama sinia.

Nikarudi nyuma hatua moja nikaona nyuzi za ua. Nikarudi tena mpaka ukutani, kisha nikaingia kwenye kijia cha kwenda jikoni, mashangazi wakinisukuma kwa viwiko, mmoja akasema, "Huyu anakimbia nini?" Nikawa narudi tu nyuma, jicho kwenye kamera kama dereva asiye na kioo, mpaka kisigino kikagusa kitu cha baridi, nikakaa. Nilikuwa nimekaa kwenye beseni la rubisi, pombe ya ndizi ya wazee. Kwa hapo nilipokuwa, ndiyo kwanza lenzi ikakubali kushika. Nikabonyeza mara moja. Vigelegele vikaisha.

Nikainuka, suruali inachuruzika, nikafanya kosa la pili ambalo hata Projestus hakunifundisha. Nikasema, "Samahanini wazee, tunaweza kurudia?"

Mzee mmoja wa ukoo akasimama na fimbo yake. "Kurudia? Kwani aliyekaa hapa alikuwa nani?"

Kwetu kupakata mara ya pili ni kusema kwamba ya kwanza haikushika, kwamba binti alikataliwa akajaribiwa tena. Hilo nalijua tangu niko mgongoni mwa mama yangu. Lakini mtu mwenye lenzi ya sentimita thelathini na suruali ya rubisi hakumbuki mila. Na Evodi, badala ya kufunika jambo, akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, mpiga picha anaomba bibi harusi arudishwe!"

Waitu! Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshabeba sanduku mpaka mlangoni. Ilibidi Ma Adventina mwenyewe amshike mkono amrudishe, "Kaa, mama, huyo ni mlevi tu, si unasikia harufu yake?" Ndivyo nilivyookolewa, kwa kuitwa mlevi. Na sikuwa nimeonja hata funda moja.

Picha nilipopeleka alizipitia zote taratibu. Akafika kwenye ile. Ilikuwa nyeusi-nyeusi, imetikisika, na katikati, kubwa, imejaa karatasi nzima, sikio moja na hereni.

"Kalisti mwanangu. Hili ni sikio la nani?"

"Lako, Ma."

"Naona. Hereni naijua."

Angenitukana ningelala vizuri. Hakunitukana. Aliitilia fremu akaitundika sebuleni. Mgeni akiuliza, anamjibu, "Hiyo ni siku niliyopata binti. Kuniona hamnioni, ila jueni nilikuwepo, nikisikia." Mimi kuanzia hapo nikawa Sikio. Sokoni Sikio, kanisani Sikio, na padri mmoja mgeni alinitangaza kwenye michango kama Bwana Kalisti Sikio akidhani ni jina la ukoo.

Sasa jina la tatu kwenye orodha yangu mlisome polepole, kwa sababu ni langu. Ile lenzi ndefu sikuitupa. Nilipanda basi mpaka Nkwenda, Kyerwa, nikamkuta mpiga picha mwenzangu Sospeter, kijana mpole, nikamwekea mezani. Nikamwambia, kwa sauti ya kwaya kabisa, "Sospeter, lenzi ni kama mgeni rasmi." Akanipa ndogo mbili. Nikatoka pale mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama, kumbe ndiyo nimetoka kutenda. Nimesikia baadaye Sospeter naye alimrudishia Projestus, na Projestus akampa mwingine. Ile lenzi imezunguka wilaya mbili kama ng'ombe mpiga mateke, kila zizi linampeleka zizi jingine na kusifu pembe zake.

Basi, lenzi. Mmeuliza, najibu.

Usianze kwa kuuliza lenzi gani nzuri. Uliza mwaka mzima uliopita ulisimama wapi ukipiga. Mimi nilikaa nikahesabu kichwani: sebule, kanisa, sebule, darasa, sebule, kibanda cha maturubai, sebule. Ng'ambo ya bonde sikuwahi kuitwa. Kwa hiyo ya kwanza nunua fupi isiyovutika, ile thelathini na tano, na namba ya tundu lake iwe moja nukta nane. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Msiniulize kwa nini, mimi ni wa darasa la nne. Nyumba iliyozungukwa na migomba ina giza mchana kweupe, na flashi kwenye sebule ndogo inawafanya watu wote wawe kama wameshtushwa na nyoka.

Ya pili ni ya kuvuta kidogo, kumi na saba mpaka hamsini, namba yake mbili nukta nane mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo jembe. Ukialikwa mahali usipopajua, funga hiyo. Kuna nyingine zina namba mbili zimeandikwa kwa kistari. Ukivuta tu, tundu linapungua na picha inaingia giza. Hizo waachieni wanaopiga twiga juani.

Ya tatu ni themanini na tano, ya nyuso. Mtu akitoa machozi kanisani utampata bila kumpumulia. Hiyo nunua mwisho, hata miaka mitatu baadaye, na tatu zimetosha. Ndefu ukiihitaji siku ya mpira, azima, urudishe siku hiyo hiyo kabla hujaipenda.

Tena azima ndilo neno kubwa, kwa hiyo sikilizeni. Kabla hujanunua kamera, tazama wenzako wa karibu wana kamera za mdomo gani, yaani pale lenzi inaposhikia. Nunua mdomo wao. Hata kama mtandao unasema ule mwingine ni bora. Ubora wa mtandao hautakuazima lenzi saa nane mchana kule Bugomora. Na kamera yenyewe usiipe moyo wako. Mimi nimezika kamera nne, lenzi ni zile zile.

Ya mtumba ikague hivi. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi-nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, umeota kwa unyevu wa milima yetu hii. Rudisha, hata muuzaji aimbe zaburi. Itikise sikioni. Ikilia kama kokwa ndani ya parachichi kavu, mwachie mwenyewe. Halafu izungushe pale unapopatia picha kali. Ikiwa nzito mahali na nyepesi mahali, iliwahi kuanguka kwenye bodaboda, na hatakwambia.

Kutunza ni ndoo. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu. Vikichoka kausha juani. Msitie mchele, unga wake unaingia kwenye pete ya kuzungushia, nimejaribu, nikawa na lenzi inayosaga. Na lenzi isibadilishwe barabarani wakati basi linapita. Vumbi letu jekundu likishaingia ndani, kila bibi harusi atakuwa na ndui.

Ndoo yangu ni ya bluu, inakaa chini ya kitanda. Kumbukeni hilo, kwa sababu mwaka jana mwanangu Edigari alioa binti wa Bugomora, na baba mkwe nilikuwa mimi.

Leonia alianza wiki mbili kabla. "Mimi nimeishi nikiitwa mke wa Sikio, nimevumilia. Lakini siku ya mwanangu nikipigwa sikio, mzee, wewe utahamia kwenye hiyo ndoo." Nikamwambia mpiga picha analetwa na upande wa binti, ana sifa, anaitwa Jesca. Nikapata na aibu yangu ya ziada: Ma Adventina alialikwa, kazeeka lakini macho makali, akachagua kiti cha mbele kabisa. "Nimekuja nione," akasema, "kama mwenye sikio atapata uso."

Nikaketi kwenye kochi, Leonia kushoto kwangu. Na baba mkwe akishaketi kupakata hainuki mpaka binti akae mapajani na anyanyuke. Ukiinuka kabla, umemkataa mbele ya ukoo. Mlango ukafunguka. Vigelegele. Binti kaingia, kafunikwa, mashangazi wanamwongoza hatua moja moja. Na mbele yake, akirudi kinyumenyume, Jesca.

Nikaona alama nyekundu kwanza. Rangi ya kucha ya Leonia, imechujuka lakini ni yenyewe. Mgeni rasmi amefika.

Jesca aliweka jicho, akarudi hatua moja. Nikajua anaona ua la kitambaa. Akarudi hatua ya pili. Nikajua anaona nyuzi. Huku nyuma yake, kwenye kijia cha jikoni, nililiona beseni la rubisi, limejaa, linamsubiri.

"Jesca!" nikapaza sauti. "Simama hapo hapo! Usirudi!"

Mashangazi wa Bugomora wakasimama. "Anamfukuza nani huyu?"

"Simfukuzi mtu! Binti aje, polepole, aje! Jesca, lenzi fupi iko wapi?"

"Sina, baba! Nilimpa Projestus zote mbili nikapata hii!"

Nilitaka kulia na kucheka. Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umezunguka Nkwenda na Kayanga ukaja kunikuta nimekaa, nisiyeruhusiwa kuinuka. Leonia akanibana paja. "Sikio," akasema kwa meno, hajawahi kuniita hivyo.

"Ndoo ya bluu!" nikasema. "Chini ya kitanda! Mtu alete ile fupi kuliko zote! Itaingia, mdomo ni mmoja, hiyo yako ilikuwa yangu!"

Hakuna aliyesogea. Mashangazi wanamtazama binti, binti kafunikwa haoni kitu, wajomba wako na simu zao. Aliyenyanyuka ni Ma Adventina. Na miguu yake ile ya uzee. Aliingia chumbani kwangu kama kwake, nikasikia ndoo ikiburuzwa, nikasikia akisema peke yake, "Vipakiti vya viatu, mzee huyu," akatoka na lenzi kaishika kwa vidole viwili kama yai.

"Mashangazi," akawaambia, "mwendo wa bibi harusi ni wa kobe. Nyie mnakimbilia wapi?" Basi wakapunguza. Jesca akafungua ile ndefu, kraa, akafunga ile fupi, kraa, na hapo hapo binti akakaa mapajani mwangu, akafunuliwa.

Picha ipo, njooni muione. Imetoka kali, pembe hadi pembe. Binti kafunuliwa, anacheka. Leonia anacheka mpaka macho hayapo. Katikati niko mimi, baba mkwe, mdomo wazi kama mlango wa kanisa, kidole kimenyooka kuelekea kamera, magego mawili yaliyong'oka yanahesabika, kwa sababu pale ndipo nilikuwa nasema, "Na tundu fungua mpaka mwisho!" Edigari ameitundika kwao. Wajukuu wakija kuuliza babu alikuwa anamgombeza nani, wasomewe karatasi hii.

Ile ndefu sikumwacha Jesca aende nayo. Nilimpa thelathini na tano yangu akae nayo moja kwa moja, nami nikabaki na lile dume. Sasa hivi linazuia mlango wa jikoni usijibamize upepo ukivuma, kazi ambayo limeiweza vizuri sana. Wiki iliyopita Projestus alipita, akalitazama pale chini. "Ta Kalisti, ile ndefu huiuzi? Nimepata mteja Bugomora." Nikamwambia akae tunywe chai. Jina lake nimeliacha pale pale juu.

Ma Adventina alidai nakala yake, na nilipompelekea Kituntu alikwenda nayo dirishani. Mwanzoni hata mimi sikuwa nimeona. Pembeni kulia, karibu na kochi, ameinama anachungulia, mkononi bado kashika kifuniko cha lenzi: uso wake wote, mashavu, macho, hereni mbili.

"Haya," akasema. "Na la pili limepatikana."

Akaitundika kando ya lile la kwanza.